Mama mkwe alimbatiza mwanangu katikati ya ziwa usiku. Je, huo ni ubatizo au tulimwagia mtoto maji tu?

Mtu wa Mwalo
Habari wakuu. Naombeni mawazo yenu maana nyumbani hapakaliki.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa kisiwani, upande wa Ukerewe, kwenye shughuli zangu za dagaa. Mke wangu akaja kunisalimia, kaja na mtoto na mama yake mzazi. Mtoto alikuwa na wiki sita. Siku ya pili akaanza homa, mchana kagoma kunyonya, ilipofika saa mbili usiku anatetemeka macho yanapanda juu. Pale kisiwani daktari hakuna na duka la dawa lilishafungwa. Boti zilikuwa hazijaingia kazini kwa sababu ya upepo, nikamwomba nahodha mmoja atukimbize Nansio, akakubali japo ziwa lilikuwa limechafuka kwelikweli, mawimbi yanaingia ndani tunachota kwa ndoo tunamwaga nje.

Katikati ya safari mtoto akanyamaza. Mkono ukawa unaning'inia tu. Mke wangu akapiga yowe. Mama mkwe hakupiga yowe, aliingiza mkono kwenye kapu lake akatoa kikombe cha bati anachonywea uji, kile cha bluu chenye madoa meupe, akainama ubavuni mwa boti akachota maji ya ziwa akammwagia mtoto kichwani mara tatu huku anatamka yale maneno. Akamwita Yohane. Halafu akamfunika kanga akaanza Salamu Maria, hakuacha mpaka tunagusa mwalo wa Nansio.

Mtoto yupo. Ilikuwa malaria kali, alitibiwa akapona, leo ana miezi minane anatambaa nyumba nzima.

Sasa tumerudi Mwanza tunataka kumpeleka kanisani. Parokiani kwetu (jina silitaji) mmoja anasema huyo kashabatizwa, mwingine anasema abatizwe kama watoto wengine, na wa tatu anasema kwanza nyie wenyewe hamjafunga ndoa. Mama yangu mzazi ni muumini wa kanisa la AIC wa siku nyingi, yeye anasema pale hapakuwa na ubatizo wowote. Mama mkwe akisikia hivyo anaacha kula.

Swali langu, ubatizo hasa ni nini? Ni yale maji, ni maneno, ni jina kuandikwa kwenye daftari la parokia, au ni mtoto mwenyewe kuja kuamini akikua?

Kijana wa Igoma
Pole sana mkuu. Nimesoma hapo kwenye mkono unaning'inia nikasimama kwanza. Mshukuru Mungu mtoto yupo. Nafuatilia uzi.

Katekista Mstaafu
Mwanangu, nimekuwa katekista wa kigango (tawi la parokia) miaka 32, nisikilize kwa utulivu.

Kwa Kanisa Katoliki mtoto wako amebatizwa. Sheria ya Kanisa kanuni ya 861 inasema mhudumu wa kawaida wa ubatizo ni askofu, padri na shemasi, lakini penye dharura mtu yeyote anaweza kubatiza mradi awe na nia inayotakiwa, yaani anakusudia kufanya kile Kanisa linachofanya. Hata asiye Mkristo. Vinavyotakiwa ni maji ya kweli na maneno "Ninakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu". Maji ya ziwa ni maji ya kweli, wala hayahitaji kubarikiwa kwanza.

Kinachobaki ni kumleta kanisani akamilishiwe yale ambayo hayakufanyika, mafuta ya Krisma, vazi jeupe, mshumaa unaowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, na aandikwe kwenye daftari la wabatizwa. Maji hayarudiwi. Ubatizo ni mara moja kama kuzaliwa.

Kigangoni kwetu nilikuwa nawafundisha akina mama jambo hili kila mwaka kabla ya masika maana barabara ya kwenda parokiani ilikuwa inakatika. Tulitumia gunzi la hindi. Unalifunga kitenge kama mtoto, kila mama analishika mkononi, anamwagia maji na kutamka maneno kwa sauti mpaka ayaseme bila kukosea. Mama mkwe wako nahisi amepita kwenye gunzi.

Binti wa Magu
Shikamoo mzee katekista. Mimi ni AIC na nitamtetea huyo mama mzazi hapo kwa heshima zote.

Biblia imepanga, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka". Kuamini kumetangulia. Mtoto wa wiki sita ataamini nini? Sisi watoto tunawaweka wakfu, mchungaji anawaombea, halafu mtu anabatizwa akishaelewa. Mimi nilibatizwa ziwani kule Kayenze nikiwa na miaka 17, nakumbuka baridi ya yale maji, nakumbuka nilivyoibuka kwaya inaimba na mama analia ufukweni. Hakuna mtu anayeweza kuja kuniambia nilibatizwa au sikubatizwa. Nilikuwepo mwenyewe.

Kwa hiyo kaka, kile mama mkwe alichofanya ni sala nzito ya mama mwenye imani na Mungu ameisikia mtoto kapona. Lakini ubatizo wa mtoto bado uko mbele yake, atauchagua mwenyewe.

Mlutheri wa Buzuruga
Binti wa Magu umeeleza vizuri ila kasome Matendo 16, mlinzi wa gereza alibatizwa usiku uleule, yeye na watu wake wote. Nyumba nzima! Sasa nyumba ya enzi zile kweli ilikosa mtoto?

Sisi KKKT tunabatiza watoto na ubatizo wa dharura tunao pia. Kwetu ubatizo ni Mungu anaanza, mtoto hajafanya chochote na hapo ndipo ilipo neema. Kuamini kwa kinywa chake kunakuja kwenye kipaimara. Mtoto hakuchagua kuzaliwa kwenu lakini ni wenu.

Binti wa Magu
Kaka, Matendo 16 haijasema kuna mtoto mchanga, hiyo umeongeza wewe. Mstari wa 32 unasema walihubiriwa neno wote waliokuwemo nyumbani. Mchanga anahubiriwa?

Mlutheri wa Buzuruga
Na wewe haijasema hakuna. Tuishie hapo hadi jioni nina kazi.

mama_doto
Mimi nna kilio changu kuhusu majina. Nilijifungua mapacha, kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, hilo halina mjadala, na anayewafuata ni Shija. Nilivyowapeleka kubatizwa nikaambiwa hayo sio majina ya Kikristo, ubatizo lazima jina la mtakatifu, ndo wakawa Agnes na Agatha. Leo wana miaka 11 ukiita Agatha nyumbani hakuna anayegeuka. Sasa huyo Yohane mkuu ulimpa wewe au ni bibi tu kaamua kule majini?

Mtu wa Mwalo
Dada mama_doto umegusa kidonda. Mimi nilishampa Mabula, jina la baba yangu marehemu. Bibi akampa Yohane bila kuuliza, na kwa hali ile ningemuuliza nini. Upande wangu wanasema mtoto amenyang'anywa jina la babu yake na ndo maana aliugua. Upande wa mke wanasema Yohane ndo jina lililomrudisha. Yaani mtoto mmoja na vita ya ukoo mzima.

Jiwe la Bismarck
Mama_doto pole, ila aliyekwambia lazima la mtakatifu alikuwa anasoma sheria ya zamani. Ile ya 1917 ndiyo ilidai hivyo, ya 1983 kanuni ya 855 inasema tu lisiwe jina geni kwa hisia za Kikristo. Kulwa na Doto lina ubaya gani?

Halafu hata ukipewa la mtakatifu, la nyumbani halifi. Mwalimu alibatizwa mtu mzima, tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina la Julius. Kambarage ilikufa? Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu na Watanzania tunamwita Nyerere, yote ni mtu yuleyule. Huyo aandikwe Yohane Mabula, mambo yaishe.

mama_doto
Wabeja sana Jiwe. Kumbe miaka 11 nimekaa na kinyongo bure. Sio bure kabisa lakini, ningejua ningebisha.

Sengerema2
Mnajadili majina, mjadili na bahasha. Mimi mwanangu alicheleweshwa miezi mitano kwa sababu nilikuwa nadaiwa michango ya jumuiya (kikundi cha waumini wa mtaani), mwenyekiti hasaini fomu mpaka umalize. Nilikuwa nimefukuzwa kazi kipindi hicho. Nilijiuliza hivi akifa leo hawa watasemaje?

Katekista Mstaafu
Sengerema2 mwanangu hilo halikuwa sawa na nakuomba radhi kwa niaba ya waliofanya hivyo. Jumuiya inatakiwa ishuhudie kwamba wazazi wanajulikana na wanasali, basi. Sheria kanuni ya 848 inasema wazi maskini wasikoseshwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Ila uongozi wa jumuiya nao unabanwa na makadirio kutoka juu, unakuta mwenyekiti hana silaha nyingine ya kudai isipokuwa hiyo saini. Ni silaha mbaya.

Nesi wa Zamu
Naandika hili kwa mara ya kwanza. Nafanya kazi wodi ya watoto njiti, hospitali siitaji. Mimi mwenyewe ni Mlutheri. Usiku mmoja kuna mama Mkatoliki mtoto wake alikuwa na uzito hata kilo moja haufiki, tukaona kabisa hachukui saa moja. Mama akanishika mkono akasema sista nibatizie. Nilikuwa nimevaa glovu. Nikachukua sindano, nikatoa ncha, nikavuta maji safi kidogo, nikapitisha mkono kwenye kidirisha cha mashine nikadondosha matone kichwani, matatu, maana kichwa chenyewe ni kama limau. Nikasema maneno. Mama akasema jina, nikalirudia.

Alfajiri akafariki. Yule mama alilia lakini alisema kitu ambacho bado nakisikia, alisema "angalau kaenda na jina".

Kwa hiyo mimi sijui vifungu. Ila mtu akiniambia yale matone yalikuwa maji tu nitamsikiliza halafu nitaendelea na kazi yangu.

Kijana wa Igoma
Aisee Nesi. Mungu akubariki sana.

Mlei wa Kirumba
Nesi barikiwa. Niongezee hapo maana zamani watu waliteseka. Bibi yetu alizaa mtoto akafa kabla ya kubatizwa na mpaka anakufa mwenyewe aliamini mtoto yuko limbo, sehemu isiyo na mateso lakini hamwoni Mungu. Hakuna aliyewahi kumwambia tofauti. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya wanateolojia ya Vatikano ikatoa waraka kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Hata sheria ya 1983, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu kukubali maziko ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walinuia kumbatiza akafa kabla. Bibi hakuyakuta hayo.

Binti wa Magu
Sasa Mlei ndo swali linakuja, kama watoto wanaokolewa hata bila ubatizo, haraka ya kubatiza kichanga ya nini?

Mlei wa Kirumba
Nimesema tumaini, sijasema uhakika. Mzazi ukiwa na mlango ulio wazi mbele yako hausimami nje unatumaini kwamba kuna mwingine.

Msomi wa Bukumbi
Hii ya ubatizo wa dharura katika ziwa letu ina mizizi wakuu. Karoli Lwanga, yule shahidi wa Uganda, hakuwa padri. Mwenyewe alibatizwa Novemba 1885, miezi michache baadaye anawabatiza wenzake kule Namugongo, akiwemo Kizito kijana mdogo, kwa sababu walijua wanakwenda kuuawa. Na wale Wamisionari wa Afrika walioanzisha imani ile walipita hapa kwetu Bukumbi 1878. Sisi ndo shina.

Jiwe la Bismarck
Msomi nakurekebisha mara mbili. Lwanga hakuwabatizia Namugongo, aliwabatiza Munyonyo usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kabla ya kupelekwa Namugongo walikochomwa tarehe 3 Juni. Na 1878 mapadri wale walifikia Kageye. Bukumbi ilianzishwa 1883, baada ya wao kutoka Buganda 1882 kwa hofu ya kabaka, mfalme wa kule.

Msomi wa Bukumbi
Nimekubali zote mbili, Kageye na Munyonyo. Ila hoja imebaki palepale, hakuna aliyewahi kuuliza Kizito alibatizwa vizuri au vibaya. Tunamwita mtakatifu.

Na kitu kingine, mapadri wale, mwanzilishi wao Lavigerie aliwawekea ukatekumeni, yaani mafunzo kabla ya ubatizo, wa miaka minne. Minne! Halafu usiku wa shida ikawa dakika chache. Kanisa lenyewe linajua muda wa kungoja na muda wa kuharakisha.

Mtu wa Mwalo
Nashukuru wote, nimemsomea mke wangu post ya Nesi ameondoka kwenda nje.

Kuna jambo sikuliweka kwenye posti ya kwanza na limenikaa kooni. Mimi nilikuwa nashika ndoo karibu na mama mkwe, na masikio yangu yalisikia TUNAKUBATIZA. Sio ninakubatiza. Mama mkwe akisali siku zote anatumia wingi, tunakuomba, tunakushukuru, hata akiwa peke yake. Sikujali. Sasa jamaa mmoja wa parokiani kaniambia hiyo inaharibu. Ni kweli?

Mlei wa Kirumba
Duh. Mkuu hapo pagumu. Agosti 2020 Vatikano ilijibu swali hilohilo, watu walikuwa wanabatiza kwa kusema "sisi tunakubatiza" kwa niaba ya wazazi na jumuiya. Jibu likawa ubatizo huo si halali, waliobatizwa hivyo wabatizwe. Kule jimbo Katoliki la Phoenix, Marekani, mwaka 2022 ikagundulika padri mmoja alikuwa anasema "tunakubatiza" miaka na miaka, ikabidi maelfu ya watu watafutwe upya. Hoja ni kwamba anayebatiza ni Kristo mwenyewe kupitia mhudumu, sio kikundi cha watu.

Sengerema2
Yaani Mungu aliyetuliza mawimbi akashindwe na silabi?? Mama wa watu yuko kwenye boti inayozama mjukuu anamfia mkononi halafu tukae tupime NA na TU. Siwezi kukubali.

Msomi wa Bukumbi
Sengerema2 nakuelewa ila maneno yana uzito wake. Ukiwa kwenye ndoa ukasema "tunakukubali wewe kuwa mke wetu" padri ataendelea?

Sengerema2
Usifananishe. Kule kuna muda wa kurudia.

Mlutheri wa Buzuruga
Nimerudi. Mimi naona ugumu mwingine. Kwa Kiswahili tofauti ni ni- na tu-, basi. Na watu wengi hata hawatamki "ninakubatiza", wanasema "nakubatiza". Mashine ya boti inanguruma, upepo, mwanamke mwingine anapiga yowe, wewe una ndoo. Una uhakika gani na ulichosikia mkuu? Sikio linasikia kilichozoea. Wewe mwenyewe umesema umezoea kumsikia akisali kwa wingi.

Katekista Mstaafu
Huyu Mlutheri amesema neno. Wanangu msikimbilie kumhukumu mama. Penye shaka ya kweli Kanisa lina njia, kanuni ya 869, kwanza uchunguzi ufanyike kwa makini, shaka ikibaki padri anabatiza kwa masharti, "Kama hujabatizwa, ninakubatiza...". Namna hiyo hakuna anayedai kurudia kilichokwishafanyika. Kaka, muulize mama mwenyewe. Muulize kwa adabu, na sio mbele za watu.

Dokta Kichaka
Nikitoka nje ya mada kidogo, Binti wa Magu na ndugu zetu Wasabato mnaobatiza ziwani, tafadhali mchague sehemu. Kichocho kiko kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, konokono wanakaa hapo. Mchungaji anayesimama masaa matatu kwenye magugu kila mwezi ndo anaumia zaidi. Dawa ipo, mkapime.

Binti wa Magu
Dokta ahsante, hilo ni kweli, mchungaji wetu aliugua. Siku hizi kanisani wamejenga kisima cha sementi. Lakini vijana bado wanapenda ziwa.

Mtu wa Mwalo
Nimemuuliza jana usiku baada ya chakula, tuko wawili tu jikoni. Sikumwambia habari za Vatikano. Nilimwambia mama, hebu nikumbushe yale maneno. Akanitazama muda mrefu akasema, "Mwanangu, mimi nilifundishwa kwa gunzi."

Mzee katekista nilipata ubaridi mgongoni. Gunzi na kitenge, kama ulivyosema! Anasema alikuwa msichana, kigango cha kwao Sengerema, na katekista wao alikuwa anawakatiza wakikosea hata neno moja. Anasema alisema "nakubatiza" kwa sababu hajui njia nyingine.

Nikamwambia mimi nilisikia tuna. Akasema, "Wewe ulikuwa unaogopa kufa." Na ni kweli nilikuwa naogopa.

Nesi wa Zamu
Huyo mama naomba nije nimsalimie.

mama_doto
Kesi imeisha, mtoto kabatizwa.

Mlei wa Kirumba
Haijaisha. Aliyebatiza anasema hivi, shahidi anasema vile. Mke wako anasemaje?

Mtu wa Mwalo
Mke wangu anasema hakusikia neno hata moja, alikuwa anajisikia yeye anavyolia.

Kijana wa Igoma
Na ile ya ndoa mmeiruka. Si walimwambia hawajafunga ndoa?

Jiwe la Bismarck
Kutofunga ndoa kwa wazazi peke yake hakumnyimi mtoto ubatizo. Kanuni ya 868 inataka mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini lisipokuwepo kabisa ndo ubatizo unaahirishwa, na wazazi waelezwe sababu. Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza watoto kwenye kanisa la Sistina, Vatikano, na mmoja wao wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu. Kwa huyu mwenzetu tumaini ni huyo bibi mwenye kikombe. Tumaini gani lingine wanataka?

Katekista Mstaafu
Ni kweli, ila kaka na wewe ndoa hiyo ifungwe. Sikulazimishi, nakwambia kama baba. Mtafute pia msimamizi wa ubatizo, mmoja anatosha, awe na miaka 16 na kuendelea, awe amepata kipaimara, na asiwe mzazi wa mtoto. Mama mkwe anaweza kabisa.

Mstaafu wa Reli
Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mnabishana maji na maneno, mimi nitawaambia nguvu ya daftari. Nilipotaka kufunga ndoa nikaambiwa leta cheti cha ubatizo. Kigango nilichobatizwa daftari lilinyeshewa, kurasa zimegandana kama chapati. Jina langu halionekani. Nilikaa mwaka mzima sijulikani, nilijiona kama mtu asiye na kwao, mimi niliyehudumu altareni tangu mdogo. Kilichoniokoa ni mama wa ubatizo wangu, alikuwa bado hai, akaja akaapa mbele ya paroko. Kanuni ya 876, shahidi mmoja asiye na shaka anatosha. Akanishika kichwa palepale ofisini akasema "hiki hapa nilikishika kikilia".

Ndo maana nasema ubatizo ni watu wanaokukumbuka. Daftari ni karatasi ya hao watu.

Binti wa Magu
Mzee umeniliza na mimi sio Mkatoliki. Ila bado nasema mtu ajikumbuke mwenyewe.

Mtu wa Mwalo
MREJESHO. Jumamosi tulienda semina ya wazazi, mimi, mke wangu, mtoto na mama mkwe. Baada ya semina paroko akatuita ofisini. Alikuwa mpole, sina cha kulaumu. Akasikiliza yote, akamwomba mama mkwe, "Mama, hebu nionyeshe ulivyofanya." Mama mkwe alikuwa amekuja na kile kikombe, sisi hatukujua, akakitoa kwenye pochi akakiweka mezani. Akainua mkono, akaonyesha alivyoinama, alivyochota, alivyomwaga mara tatu. Kimya. Paroko akasema, "Na maneno?" Akasema, "Baba, maneno hayo sitayasema hewani. Yalisemwa kwa mtoto, mtoto yupo."

Paroko akanyamaza. Akakishika kile kikombe akakigeuza geuza, kina kutu kidogo mdomoni. Akaniuliza mimi nilisikia nini, nikasema ukweli, nilisikia tuna lakini siapi. Akauliza kwenye boti alikuwepo nani mwingine. Nikamwambia nahodha, yeye ni Mwislamu. Paroko akasema hiyo haina shida, aje, kama alisikia aseme alichosikia.

Akasema akisikia "nakubatiza" atamkamilishia na kumwandika kwa tarehe ileile ya mwezi wa tatu, na pale kwenye mhudumu ataandika jina la mama mkwe. Asiposikia chochote, atabatiza kwa masharti. Mama mkwe kwa hilo la masharti hajasema kitu, ila njia nzima alimbeba mtoto mwenyewe, hakutaka kumwachia mtu.

Jina tumekubaliana Yohane Mabula. Mama yangu mzazi naye atakuja, amesema atakuja kumwombea tu.

Sengerema2
Nahodha umempata??

Mtu wa Mwalo
Nimempigia. Yuko Ukara kwenye dagaa na sasa hivi ni siku za giza, hawezi kuacha kazi. Nikamuuliza kwa simu unakumbuka bibi alisema nini, akasema anakumbuka, lakini jambo la dini haliongelewi kwenye simu, atakuja alisema mbele ya padri. Mbalamwezi ikitoka wanapumzika, ndo atavuka. Ni kama siku tisa hivi.